Robo ya Nyumba Yangu pale Kashebere

Ndugu zangu, habari hii sikupenda kuisimulia, na kama mke wangu asingekuwa anaisimulia vibaya kila tukipata wageni (anaongeza chumvi, anasema nililia, mimi sikulia, lilikuwa jasho), ningeinyamazia mpaka kaburini. Lakini afadhali mtu ajicheke mwenyewe kabla hajachekwa. Pale Kashebere mpaka leo kuna watu wasiojua kama jina langu ni Kasereka, wao wanajua tu Robo. Nikipita barabarani na mzigo wangu utasikia mama mmoja nyuma ya ndizi zake anaita, "Robo! Habari ya siku mingi?" na soko zima linaanza kucheka, nami nacheka nao, maana nifanye nini? Aibu ya sokoni haina pa kujificha.

Ilikuwa miaka ile ya vita, simu za mkono hazijafika kwetu, na barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale ilikuwa leo inafunguliwa, kesho inafungwa. Sisi wachuuzi wa kutoka Butembo tuliifuata hivyo hivyo, tunapeleka chumvi na sabuni na makayabo, yaani samaki wa chumvi, na tunarudi na mafuta ya mawese na maharagwe. Kashebere njo (ndiyo, kwa Kiswahili chetu) ilikuwa kituo chetu, na pale Kashebere mtu alilala oteli ya Mama Vumilia ao alilala chini ya lori. Oteli yenyewe ilikuwa vyumba sita vya mbao, lakini shuka zilikuwa safi, asubuhi unapata ndoo ya maji ya moto, na maharagwe ya Mama Vumilia yalikuwa yanaelea kwenye mawese mpaka unasahau kwamba kuna vita.

Basi siku moja tuko tunakula pale, wanne, wote wa Butembo. Mimi ndiye nilikuwa mdogo. Kulikuwa na Papa Kakule, mkubwa wetu, mzee wa kanisa anayesali kabla ya kunywa hata maji, na Paluku, kijana mtanashati aliyekuwa na kostime, yaani suti, moja ya rangi ya kijivu, nzuri kuliko zote za barabara ile, na Mama Masika, mjane wa makayabo, mwanamke wa mwili na wa mdomo. Papa Kakule akaweka kijiko chini akasema:

"Bandugu, kulala mu oteli ni kunywesha ng'ombe ya mwenzako. Kila siku wewe njo unabeba maji, maziwa anakunywa ye."

Neno lile lilituingia. Baada ya miezi mitatu tulikuwa na nyumba yetu, ya mbao na bati, upande wa pili wa barabara, ikitazamana na oteli uso kwa uso. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule ya kuwekea mizigo, kwa hiyo hatukuweza kuingia wote. Tukatunga sheria ya zamu. Kila mmoja anapata soko moja. Asubuhi ya siku ya soko unaingia na mizigo yako, unauza, unalala pale juma zima mpaka soko linalofuata, halafu unampisha mwenzako. Na kwa sababu ya vita Papa Kakule aliongeza kifungu kimoja, nacho tulikiapia mkono juu ya Biblia yake: soko lisilokaa halihesabiwi. Yaani risasi zikilia mlimani, watu wakakimbilia porini, soko likavunjika, basi mwenye zamu hakuuza kitu, kwa hiyo anabaki ndani mpaka apate soko lake, na wengine wote wanasukumwa mbele. Hiyo sheria naijua, niliiapia, tena mimi ndiye nilisema "Amina" kwa nguvu kuliko wote.

Mama Vumilia alikuwa anatucheka kwenye mlango wake. "Ninyi benye nyumba," anasema, "mu masoko ine munalala kwenu mara moja, mara tatu munalala kwangu. Na ile moja ya kwenu munakuja kuniomba maji ya moto!" Ilikuwa kweli. Lakini nenda ukamwambie mtu mwenye nyumba ukweli.

Sasa huku Kingi, karibu na Masisi centre, nilikokuwa nanunua maharagwe, kulikuwa na mkulima mmoja, Papa Bwira, mtu wa mlima wake tangu babu zake, na alikuwa na binti, Furaha. Sitaeleza mengi, naye ananisikia kutoka jikoni. Nitasema tu kwamba nilianza kununua maharagwe mengi kuliko lori linavyoweza kubeba. Ilipofika siku ya kuzungumza, mzee akanikalisha kwenye kiti kifupi, akanitazama vizuri, akauliza, "Mutoto, unakaaka wapi? Juu mimi nakuonaka tu mu barabara."

Nikasema, "Baba, niko na nyumba Kashebere."

Hapo njo shetani alipokalia. Ningeongeza maneno mawili tu, "tuko bane," yaani tuko wanne, yangeisha. Lakini Furaha alikuwa amesimama mlangoni na kikapu, ananitazama, na mimi nikaona robo ya nyumba ni kitu kidogo sana cha kumtajia msichana mrefu kama yule. Nikanyamaza. Tena nikaongeza, "Ya manjanja," yaani ya bati, maana kule nyumba nyingi zilikuwa za majani.

Mzee akatikisa kichwa. "Nitakuja kuiona. Siwezi kuitika mbele sijaona."

Na ujue, jambo hili kwangu lilikuwa zito. Baba na mama yangu walikuwa Butembo, njia imekatwa, hakuna mtu wa kwetu aliyeweza kuja kunisemea. Mtu asiye na wazazi wa kumsindikiza posani anasindikizwa na nini? Na nyumba. Kama Papa Bwira angeiona akaridhika, ningempata Furaha. Kama angeona mimi ni mtu wa barabara tu, basi, kulikuwa na mwalimu mmoja pale Kingi mwenye baiskeli na wazazi wote wawili.

Nikatoa kalenda ya parokia kwenye begi, nikahesabu kwa kidole: soko la Papa Kakule, soko la Paluku, soko la Mama Masika, soko langu. Nikaweka alama ya msalaba. Nikamwambia mzee, siku fulani, siku ya soko, twendeni. Na juma moja kabla ya safari, dereva mmoja aliyetoka kule akatuambia, tukiwa tunakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, "Soko ya Kashebere leo ilivunjika. Bantu balikimbia. Usiku balirudia." Na mimi, bila haya, nikasema, "Pole yabo," nikaendelea kunywa. Pole yao! Kama vile mimi si wa hapo! Juma lile lilikuwa la Mama Masika, soko lake limevunjika, maana yake soko linalofuata ni lake bado, si langu. Mtoto wa darasa la pili angejua. Mimi nilikuwa nafikiria nitavaa nini.

Nilivaa kostime ya kijivu. Ndiyo, ile. Paluku alikuwa ameniachia nimpelekee fundi wa Masisi amtie kifungo.

Tulisafiri kwenye lori, Papa Bwira ndani karibu na dereva, mimi na Furaha na mama yake juu ya magunia, pamoja na kuku mweupe wa zawadi. Mama Furaha nilikuwa simtazami, ananipa mgongo nami nampa mgongo, maana kwao Bahunde kama kwetu Banande mtu na mama mkwe wake hawatazamani ovyo. Tulipita bariere nyingi, yaani vizuizi vya askari, na kwa kila bariere askari alikuwa anaangalia kostime na kuuliza naenda kwa harusi ya nani. Saa sita mchana tukaingia Kashebere. Soko limejaa, mbuzi, ndizi, vitenge, kelele, na jua limetoka baada ya mvua ya asubuhi. Mama Vumilia akaniita kutoka ng'ambo, "Kasereka! Viko vyumba viwili, nikupangie?" Nikajibu kwa sauti ili mzee asikie, "Asante, mama. Leo nalala kwangu. Oteli ni ya bale benye habana kwao." Mama Vumilia akasema, "Haya, papa," halafu akavuta kiti akakaa, kama mtu anayejua mpira unaanza saa ngapi.

Nilipokaribia nikaona moshi unatoka jikoni. Nikamwambia mzee, "Wameshaanza kupika," bila kusema ni akina nani. Nikasukuma mlango. Ndani, kutoka sakafuni mpaka dirishani, makayabo. Na katikati ya makayabo, juu ya kigoda, Mama Masika, anakula bugali.

"Kasereka!" anasema. "Na hii kostime?"

Ndugu zangu, hapo palikuwa na mlango wa pili wa kutokea. Ningesema, "Mama Masika, hawa ni wakwe zangu, nilikosea zamu." Papa Bwira yuko nyuma yangu, anainama ili aingie. Nikageuka, nikasikia mdomo wangu unasema wenyewe:

"Baba, huyu ni lokatere wangu."

Yaani mpangaji. Nikamkonyeza Mama Masika kwa jicho la upande wa pili, kumwomba. Mama Masika akatafuna polepole, akameza. Akanitazama mimi, akamtazama mzee, akamtazama Furaha na kuku. Nikaona ameelewa yote, nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru mapema.

"Papa bayeri!" akalia, akainuka, akanishika mkono kwa mikono miwili kama ninavyoshikwa na watu wanaoniheshimu sana (hawapo). Bayeri njo mwenye nyumba anayepangisha. "Papa bayeri, njo umefika! Nakungojeaka siku yote! Manjanja inavuja, leo asubui mvua ilininyeshea mu kitanda, ona! Na mulango ya choo ilianguka, na ule paka ya jirani anaingiaka fasi ya dirisha. Minasema, papa bayeri yangu ni muntu muzuri, akikuja tu atatengeneza."

"Nitaita fundi," nikasema.

"Fundi?" akasema Papa Bwira, akiangalia dari. Alikuwa na furaha ya mkulima aliyepata kitu cha kupima. "Hii ni ka kazi kadogo. Unang'oa musumari moja, unavuta manjanja, unapiga. Panda, mukwe. Sisi tuko naangalia. Hatuna haraka."

Mimi mkono wangu unajua kupima chumvi na kufunga gunia. Nyundo nilikuwa nimeishika mara moja, nikapiga kidole. Lakini Furaha alikuwa anatabasamu, Mama Masika alikwisha kuleta ngazi na nyundo (mwanamke mnene, lakini siku ile alikimbia), basi nikapanda, na viatu vyangu, na kravate yangu, yaani tai, shingoni.

Juu kulikuwa na joto, na Kashebere yote niliiona, nami nilionekana na Kashebere yote. Nikang'oa msumari mmoja. Haukutosha. Nikang'oa wa pili na wa tatu na wa nne. Nilikuwa nimepiga goti juu ya bati lenyewe, na niliposogea ili nilivute, nikasikia nyuma yangu "chaaa", suruali imeshikwa na msumari, imepasuka kutoka kiunoni mpaka karibu na goti, na chini yangu, penye kivuli, amekaa mama mkwe. Nikaruka kujifunika. Bati likapata uhuru wake. Liliteremka, likagonga ukingo, likaruka, likaangukia juu ya mapipa matupu ya mawese ya jirani: BAAA! halafu ba-ba-ba-ba-ba mpaka barabarani.

Sasa wewe unayekaa mahali pa amani utasema, bati limeanguka. Mtu wa Kashebere ya miaka ile hakungoja kujua ni nini. Sauti moja tu, "Balifika!" na soko lote likainuka. Niliona kwa macho yangu, kutoka juu, watu mia kadhaa wanaingia porini kwa njia nne, mama na beseni kichwani, mbuzi na kamba, mchinjaji na mguu wa ng'ombe begani, askari wa bariere mbele ya wote. Papa Bwira alikimbia amemshika Furaha mkono huu na kuku mkono huu. Mama Masika alipita chini yangu kama lori lisilo na breki, akaiangusha ngazi. Nilipiga kelele, "Ni manjanja! Ni manjanja tu!" na wao wakasikia mtu anapiga kelele, wakaongeza mwendo.

Dakika tano baadaye hakukuwa na mtu. Maharagwe yamemwagika njia nzima, chungu cha Mama Vumilia kinachemka peke yake, na mimi niko juu ya nyumba, mwenye nyumba, paja nje. Nikatazama chini. Mama Furaha alikuwa palepale. Goti lake lilikuwa bovu, hakuweza kukimbia. Amekaa, uso amefunika kwa viganja, ili asinione.

Tukakaa hivyo. Hatuwezi kuongea, hatuwezi kutazamana. Nilisikia aibu ile ya kweli, siyo ya kuchekesha: mama wa watu nimemleta mpaka hapa kuona nyumba, na watu wake wamekimbia wamemwacha, na mimi ninayetaka kuwa mtoto wake siwezi hata kushuka kumsimamisha. Mara nikamwona anafungua kitenge chake cha juu, anakikunja, bado amegeuza uso ukutani, anakirusha juu. Kikaanguka chini. Akakiokota kwa kupapasa, akarusha tena. Mara ya tatu nikakidaka. Sijui ni kwenye mila gani mkwe anavaa kitenge cha mama mkwe wake, lakini nilikivaa, nikakifunga vizuri.

Nilikuwa bado juu, na kravate na kitenge, watu walipoanza kurudi. Walirudi na hasira, maana mtu akiogopa bure anatafuta wa kulipia. Shefu wa soko, yaani mkuu wake, akasimama chini ya nyumba, matope mpaka magotini, akauliza, "Nani mwenye nyumba hii?"

Papa Kakule na Paluku walikuwa sokoni siku ile, walikuwa wamekimbia kama wengine, na sasa wamesimama pale pale mbele. Nikawatazama. Papa Kakule akawa anasoma mawingu. Mama Masika akajipangusa majani kichwani, akasema kwa sauti ya huruma:

"Shefu, miye niko lokatere tu. Bayeri ni ule, kule juu."

Papa Bwira naye alikuwa amefika, anahema, kuku bado mkononi. Ananitazama. Watu wote wananitazama.

"Ni wewe mwenye nyumba?" anauliza shefu.

"Ni miye," nikasema. Kwa sababu ya Furaha nilisema tena.

"Basi njo wewe utarudishia bantu yote yenye ilimwangika. Maharagi, mafuta, mayai, yote. Nyumba hii itabakia mu mikono ya soko mpaka deni itaisha."

Sikupanga, lilitoka lenyewe, kwa sauti ya mbuzi: "Shefu! Miye niko robo tu!"

"Robo nini?"

"Robo ya nyumba! Tuko bane! Hata zamu yangu haijafika, ule lokatere ni mwenye nyumba pia, na ule muzee mwenye kuangalia mbingu, na ule Paluku!"

Na Paluku, ambaye mpaka hapo alikuwa hajanitazama vizuri, akapaza sauti kuliko yangu: "Na iyo kostime ni yangu!"

Ndugu zangu, soko lile lilikuwa limekimbia vita mara nyingi, limeporwa, limezika watu. Sijawahi kuliona likicheka vile. Watu walikaa chini kwenye matope. Shefu mwenyewe alishika ukuta. Ngazi ilisimamishwa na watu sita, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kunitazama kwa karibu. Na juu ya yote, Papa Kakule akakohoa, akainua kidole, akakumbusha kwamba soko la leo nalo limevunjika.

"Kwa hiyo halihesabiwi," akasema.

"Lakini limevunjwa na manjanja!" nikalia.

"Sheria haikusema livunjwe na nini." Mama Masika akapata juma lingine, mimi zamu yangu nikaisukuma mbele kwa mikono yangu mwenyewe.

Baada ya kicheko shefu akalegeza hukumu: tuokote, sisi wote wanne. Tulipiga magoti barabarani, punje kwa punje, kuchambua maharagwe kutoka matopeni, mimi na kitenge changu. Mama Masika alikuwa kushoto, ananitukana kwa Kinande kuanzia kwa babu. Paluku alikuwa kulia, ananitukana kwa Kifaransa. Papa Kakule hakutukana, aliomba Mungu anisamehe, kwa sauti, kwa orodha. Na wakati huo wote wanaokota. Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba Furaha ameondoka maishani mwangu, kwamba yule mwalimu ataenda kupiga kengele ya baiskeli, na kweli moyo uliniuma, nikainamisha kichwa (jasho, nimesema).

Nikaona miguu mikubwa ya mkulima inasimama mbele yangu. Papa Bwira akachuchumaa, akaanza naye kuokota. Anaokota vizuri, haraka, vidole vinajua.

"Kule Kingi," akasema mwishowe, "nyumba yangu ilichomwa mara mbili. Nilijenga, banachoma, nilijenga tena. Unawaza mimi napenda manjanja?"

"Hapana, Baba."

"Nilikuja juu ya kujua kitu moja. Siku yenye mutoto wangu atakimbia, na wewe hauko, atafika kwa nani? Nani atasema, huyu ni muntu yetu, aingie?" Akatupa punje kwenye beseni. "Ulinificha bantu batatu, ukanionesha mbao. Leo nimeona bale bantu. Banakutukana, na banaokota. Ungeanzia fasi ile, mukwe, hatungepanda kule juu."

Akanitoza mbuzi kwa ajili ya uongo, mbuzi wa heshima, siyo wa kudanganyia. Halafu akainuka, akamwuliza Mama Masika kama ni yeye atakayekaa upande wa kwetu siku ya posa, maana wazazi wangu wako mbali. Mama Masika akafuta mikono kwenye kitenge, akasema atakaa, tena atakaa mbele, na kwamba mimi ni mjinga lakini ni mjinga wake. Papa Kakule akasema yeye atatoa sala. Paluku akasema atakuja, nikimrudishia suruali.

Wakwe walilala kwa Mama Vumilia, vyumba vile vile viwili. Mzee alioga maji ya moto, akala, akatoka nje na kijiti mdomoni akasema oteli ni kitu kizuri, mtu analala na hajali bati ni la nani. Mama Vumilia aliniongezea maharagwe tu, hilo liliniuma kuliko neno.

Asubuhi Furaha alikuwa nje ya oteli na kikombe cha chai. Tangu jana alikuwa hajaniambia kitu. Nikasimama mbali kidogo.

"Kasereka," akasema, "kuko nini ingine yenye munagawanyana na sijue?"

Nikamwambia yote. Redio ni nusu yangu na nusu ya Papa Kakule. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ni ya kaka yangu, mimi nanunua tu mpira. Saa ya mkononi haitembei, naivaa hivyo hivyo. Viatu ni vyangu, lakini kimoja kilikuwa cha jozi nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho, na nilipofika kwenye kiatu akashindwa, akamwaga chai kwa kucheka. Halafu akaacha kucheka, akanitazama kama baba yake anavyotazama shamba.

"Sawa. Ile yote tunaweza kupanga," akasema. "Lakini miye sina zamu. Ukiingia, unabakia."

Niliingia, nikabakia. Na niliapa siku ile, bila Biblia ya mtu yeyote, kwamba mtu akiniuliza kitu changu nitaanza kwanza kumtajia majina ya wenzangu, hata kama anauliza ni kiti cha nani nimekalia.